Al Qusais hadi Deira wakati wa joto: baiskeli ya kawaida, ya umeme au metro?

Mwana wa Jomvu
Wadau mlioko Dubai na Ghuba kwa jumla, nisaidieni kuamua. Nimepanga Al Qusais, kazi ni jikoni hotelini Deira, kama kilomita nane. Novemba hadi Machi nilipiga baiskeli raha mustarehe. Juni hii nimekwama. Jana nimefika jasho linachuruzika kwenye viwiko mpaka usukanini, na ile mipira ya kushikia imelainika hadi viganja vimetoka vyeusi. Msimamizi akasema nisiguse sahani mpaka nioge, na bafu la wafanyakazi hakuna. Nibaki na hii, nitafute ya umeme, au nirudi metro?

Kidawa wa Muscat
Pole kaka. Nina mwaka wa tisa huku Oman, joto hili nalijua. Kinachokumaliza si umbali, ni unyevu. Nyumbani Unguja upepo wa bahari unakukausha jasho, mwili ukapoa. Huku Julai na Agosti hewa imeshiba maji, jasho linakaa tu juu ya ngozi na joto halina pa kutokea. Usidhani alfajiri ni salama: jua halijatoka, lakini saa hizo ndipo unyevu unapokuwa mkali zaidi. Serikali zenyewe zinasimamisha kazi za juani mchana, huko kwenu saa 6 na nusu hadi saa 9, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Kichwa kikianza kugonga au ukisikia kichefuchefu, shuka, tafuta kivuli, jimwagie maji shingoni. Usijikaze kisabuni, wazee wanakungoja nyumbani.

Fundi Spoku
Natumia ya umeme mwaka wa pili. Mota inasukuma, wewe unakula upepo. Jasho lipo, ila si la kukamua shati. Ubaya wake ni betri. Usiiache juani, na ukifika usiichomeke papo hapo, ipoe kwanza. Kama mnalala sita chumba kimoja, usithubutu kuichaji usiku karibu na mlango. Ikishika moto mtatokea wapi?
Halafu kuna mataa. Ukisimama pale juu ya lami, bila mti wala paa, umeme haukusaidii kitu. Mimi njia naichagua kwa kivuli kwanza, hata ikinizungusha.

Binti Mvita
Mimi nimeishia metro. Laini ya kijani inakutoa Al Qusais hadi stesheni ya Union, Deira, kiyoyozi njia nzima, dirhamu 3 ukibaki kanda moja, 5 zikiwa mbili. Unafika na shati kavu. Kasoro ni Jumapili, treni zinaanza saa 2 asubuhi, na mwendo wa kutoka stesheni unaweza kukulowesha upya.
Skuta ya umeme nayo inataka kibali cha RTA, mamlaka ya barabara na usafiri ya Dubai, mtihani unafanyika mtandaoni. Na kaka, unapita wapi na baiskeli? Barabara yenye kikomo cha zaidi ya kilomita 60 kwa saa hairuhusiwi, faini dirhamu 300.

Mwana wa Jomvu
Dada, hapo umenigusa. Kipande kimoja nilikuwa napita barabara kubwa kwa sababu njia ya baiskeli inakatika ghafla, unabaki ukingoni na malori. Basi, metro mpaka Oktoba. Jumapili nimeomba zamu ya mchana, na msimamizi amekubali nihifadhi shati la pili na taulo kazini. Ya umeme naiacha, chumba chetu kweli kina mlango mmoja. Fundi, hii ya kawaida niitunzeje miezi yote hiyo? Nafasi iliyopo ni roshani tu.

Fundi Spoku
Roshani hapana, jua litakausha mpira upasuke ubavuni. Iingize ndani, ining'inize ukutani tairi zisiguse chini. Mnyororo utie mafuta sasa hivi, chumvi ya hewa ya huku haichelewi kuleta kutu.