Mrejesho: Fedha za kutengeneza mashine ya maabara katika ndaki yetu

Ndugu zangu, niliuliza awali kwa nini ndaki yetu ya uhandisi na sayansi (sehemu ya chuo inayounganisha idara kadhaa), katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, ilikataa kutengeneza mashine ya kupimia uimara wa zege ilhali idara ilikuwa na fedha ambazo hazijatumika. Wengi mlinishauri nianze kwa mhasibu wa ndaki badala ya kumwandikia Rasi, yaani mkuu wa ndaki, moja kwa moja, na ushauri huo ndio uliofungua njia.

Ilibainika kwamba fedha zilizobaki zilikuwa katika kifungu cha mafunzo kwa vitendo, na haziwezi kutumika kwingine mpaka uhamisho uombwe na kuidhinishwa na mwenye mamlaka. Isitoshe, matengenezo hayo hayakuwamo katika mpango wa ununuzi wa mwaka, ambao ndio msingi wa kutangaza zabuni katika NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, kwa hiyo hata fedha zingekuwepo tungekwama vilevile. Hili la pili lilinishangaza zaidi, kwa kuwa halikuwahi kutajwa katika kikao chochote cha idara.

Ombi la uhamisho limekubaliwa kwa sehemu: uhakiki wa usahihi wa vipimo vya mashine utafanyika kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni, wakati pampu ya haidroliki, ambayo ndiyo ghali, imeingizwa katika bajeti ya mwaka unaoanza tarehe 1 Julai. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaendelea kupima sampuli zao katika maabara ya nje, kwa gharama ya idara.