Ukaguzi wa mirija ya jenereta za mvuke kwenye mitambo ya nyuklia: mdhibiti anatafuta nini kwenye ripoti?

Fundi wa Kibirizi (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Kwenye boila za viwanda vya mawese huku Kigoma utaratibu tunaujua: boila inazimwa, inapoa, inafunguliwa, mkaguzi anaitazama ndani na nje, kisha inajaribiwa kwa presha ya maji. Sasa nasoma ripoti ambazo mitambo ya nyuklia ya Marekani inapeleka kwa mdhibiti wao, NRC. Nyingi zinasema mirija imepimwa kwa edi karenti (mkondo wa umeme unaoamshwa kwenye chuma cha mrija ili kuonyesha kasoro), iliyolika kufikia 40% ya unene imezibwa, mtambo umewashwa. Kama mibovu imeshazibwa, mdhibiti anapitia nini tena? Na kipimo hicho tunaweza kukitumia kwenye boila zetu?

Isevya NDT (Tabora)

Mkuu, mrija uliozibwa hauna neno tena. Mdhibiti anaisoma ripoti kwa ajili ya ile iliyoachwa kazini.

Jenereta moja ina mirija kati ya 3,000 na 16,000, kipenyo cha kama milimita 19, ukuta milimita moja na ushei tu. Ndani yanapita maji yaliyotoka kwenye kinu kwa bar 155 hivi. Nje yake kuna maji yanayochemka kwa bar 60 na kitu. Mrija ukipasuka, maji yenye mionzi yanaingia upande wa mvuke, na vali za usalama zikifunguka yanatoka hewani bila kupitia jengo la zege linalokinga kinu. Kwa hiyo swali ni moja: je, kila mrija uliobaki utahimili mpaka ukaguzi ujao?

Kuhimili kuna vipimo. Mrija lazima ubebe mara 3 ya tofauti ya presha kati ya ndani na nje wakati wa kazi ya kawaida, na mara 1.4 ya presha ya ajali mbaya kabisa iliyowekwa kwenye usanifu, kwa mfano bomba kuu la mvuke kukatika. Tofauti ya kawaida ikiwa bar 93, mara 3 ni karibu bar 280. Ajali ikileta bar 176, mara 1.4 ni kama 246. Mara nyingi ile ya kwanza ndiyo inayobana.

Sasa chukua mrija uliosuguliwa na sapoti (vyuma vinavyoushikilia), hesabu ya mfano tu. Ukaguzi uliopita ulikuwa umelika 14% ya unene, leo ni 22%. Haujafika 40%, unaachwa. Lakini ulikaji umekua kwa 8% katika mzunguko mmoja wa fueli, yaani kati ya kujaza fueli na kujaza tena. Mwenye mtambo akitaka kuruka ukaguzi mara moja mtambo unaposimama kujaza fueli, weka mizunguko miwili: 22 + 16 = 38. Ongeza kosa la kipimo, tuseme 6, unapata 44. Je, kwa urefu wa mchubuko ule na aina ile ya chuma, mrija ulioliwa 44% unabeba bar 280? Jibu likiwa ndiyo, muda unakubalika. Ripoti isipoonyesha kasi ya ukuaji imetoka wapi, hapo ndipo maswali ya maandishi ya NRC yanapoanzia.

Ripoti yenyewe inatakiwa ndani ya siku 180 tangu mtambo uanze kupashwa joto tena. Lakini wakaguzi wa NRC huwa wapo eneo la mtambo wakati kazi inafanyika, hawangoji karatasi.

Mwanga Kigoma

Niongeze upande wa probu (kichwa cha kupimia kinachopitishwa ndani ya mrija), maana hapa ndipo ripoti nzuri hutofautiana na ripoti ndefu.

"Tumepima 100%" haina maana mpaka useme kwa probu gani. Probu ya bobini (koili ya waya iliyozungushwa kwenye probu) ni ya haraka, zaidi ya nusu mita kwa sekunde, na inaona vizuri ulikaji na ufa unaokwenda kwa urefu wa mrija. Mkondo wake unazunguka mrija. Ufa nao ukizunguka mrija, mkondo unapita sambamba nao bila kukatizwa, ishara haipo au ni hafifu mno. Nyufa za namna hiyo hupenda kutokea pale mrija ulipotanuliwa ndani ya sahani nene ya chini inayoshika ncha za mirija. Pale inatakiwa probu ya kuzunguka, ambayo ni ya polepole sana, au probu yenye safu ya koili nyingi.

Kisha kelele kwenye ishara. Kwenye mtambo wa nyuklia wa Indian Point 2, New York, mrija wa safu ya pili ulipasuka tarehe 15 Februari 2000 kwenye kona ya juu yenye umbo la U. Mahali hapohapo palipimwa mwaka 1997, ila kelele iliufunika ufa. Kwa hiyo mkaguzi makini anauliza kiwango cha kelele kwa kila eneo, na kama wachambuzi wawili waliosoma data kila mmoja kivyake walipishana wapi.

Isevya NDT (Tabora)

Sahihi kabisa. Na chuma kipya kisimlegeze mtu. Mtambo wa nyuklia wa San Onofre, California, ulifungiwa jenereta mpya za aloi 690, aloi ya nikeli inayosifiwa kwa kukataa nyufa. Tarehe 31 Januari 2012 Yuniti 3 ikavuja: mirija ilikuwa inatikisika na kusuguana yenyewe kwa yenyewe, maana hesabu za usanifu zilikadiria kasi ya mvuke chini ya hali halisi. Mirija minane ilishindwa jaribio la presha. Mwaka 2013 mtambo ukafungwa moja kwa moja.

Fundi wa Kibirizi (Kigoma)

Asanteni sana. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, uvujaji unaoruhusiwa ni kiasi gani?

Mwanga Kigoma

Galoni 150 kwa siku kwa kila jenereta, yaani lita 568 hivi. Haifiki hata nusu lita kwa dakika. Ikizidi hapo, mtambo unazimwa.

Kuhusu boila zenu: usinunue probu hizi. Mirija ya nyuklia ni aloi ya nikeli isiyoshika sumaku. Ya kwenu ni chuma cha kawaida, sumaku yake inauzuia mkondo usipenye ukuta. Tumieni mbinu ya uga wa mbali (koili ya kupokea ishara inakaa mbali na ile ya kutuma), ambayo inaona hasara ya ndani na ya nje ila haikuambii ipi ni ipi, au IRIS, probu inayozungusha mawimbi ya sauti ndani ya mrija, inayotoa unene kwa milimita. IRIS inataka mrija ujae maji na ganda lote la ndani liondolewe. Ganda likibaki, mawimbi yanapotea na mnabaki na mapengo kwenye data, hasa karibu na sahani za mwisho ambako mirija ya boila hulika zaidi.