Nimepangiwa kipimo cha kisukari cha mimba Alhamisi, na usingizi umenikimbia

Mama Kijacho: Wakubwa shikamooni. Nina mimba ya kwanza, ya wiki 26, na kwa kuwa mama yangu mzazi ana kisukari, mkunga ameniandikia kwenye kadi ya kliniki kipimo cha kunywa glukosi. Foleni ilikuwa ndefu, hakunieleza zaidi. Tangu siku hiyo naamka usiku kuhesabu chapati nilizokula, na mawifi wanasema soda ndizo zitakazoniponza. Jana nimeacha wali, ugali na chai ya sukari ili majibu yatoke mazuri. Je, nafanya sawa? Na huu wasiwasi wenyewe hauwezi kupandisha sukari?

Mkunga Mstaafu: Marahaba, mwanangu, na pole. Rudia chakula chako cha kawaida leo hii. Huu si mtihani wa kufaulu: ukijinyima wanga siku chache kabla, mwili huweza kuelemewa na glukosi inayoingia ghafla, na majibu yakasomeka juu kuliko hali yako ilivyo. Funga usiku ule mmoja tu, kwa muda wa saa 8 au zaidi, maji ruhusa. Utatolewa damu, utakunywa gramu 75 za glukosi, kisha utatolewa tena ikipita saa 1 na ikipita saa 2 tangu ulipokunywa. Hofu huweza kuigusa sukari kidogo, lakini haikuletei ugonjwa huu. Homoni za kondo la nyuma ndizo zinazoipunguzia nguvu insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na mwenye kisukari katika ukoo huwa karibu zaidi na hatari. Hayo waeleze na mawifi.

Mama Wawili: Mimi nilikutwa nacho mimba ya pili. Kinywaji kile ni kitamu hadi kinachefua. Mara ya kwanza nilikitapika, nikaambiwa nirudi siku nyingine. Nilikuwa nalia kwa kuogopa sindano za insulini, kumbe kwangu ilitosha kupunguza wali, kuongeza mchicha na dagaa, na kutembea baada ya kula, ingawa wapo wanaohitaji dawa. Usiende peke yako, na mweleze mkunga wazi kwamba hulali.

Mama Kijacho: Asanteni sana. Nimeshakula wali na maharage, na mume wangu ameomba ruhusa kazini anisindikize. Mswaki je, asubuhi hiyo unaruhusiwa?

Mkunga Mstaafu: Unaruhusiwa, mradi usimeze dawa yake.