Tuliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito tupeane uzoefu, mlizoeaje kula kidogo?

Kijiko Kidogo
Wakuu habari zenu. Nimeleta hii mada sababu jana nimekaa mezani na kisahani cha mtoto, kipande cha samaki na mboga kidogo pembeni, nikashindwa kumaliza halafu nikabaki nakiangalia kile kilichobaki machozi yananilenga na hata sijui nalia nini. Mimi nimefanyiwa slivu, ile wanakata mfuko wa chakula unabaki kama robo hivi. Njaa sina kabisa saa hizi, nakula kwa kuangalia saa. Daktari aliniambia ile sehemu waliyoitoa ndiyo ilikuwa inatengeneza sehemu kubwa ya homoni ya njaa, ghrelini, sawa nimeelewa, lakini tumbo halina njaa ila kichwa kinayo, mkono unayo, macho yanayo. Nikipika bado mkono unampimia yule mtu wa zamani. Wenzangu hapa mlipitaje? Na watu wakiwakodolea macho mezani mlikuwa mnajibu nini? Nataka ya mtu yaliyomkuta mwenyewe, makaratasi ya maelekezo ninayo tayari.

Bi Shangwe
Umenigusa dada. Hiyo ya kulia mbele ya sahani nilijua niko peke yangu.

Tulia Tuli
Mimi ni baipasi, ile wanatenga kimfuko kidogo cha tumbo wanakiunga na utumbo. Kilichonitesa siyo kiasi, ni mwendo. Nimelelewa nyumba ya watu wengi, chakula kikitua ukizubaa umekosa, kwa hiyo maisha yangu yote nilikuwa nameza tu kutafuna hakunaga. Sasa unapewa kimfuko ambacho mwanzoni kinaingiza kama mililita 30, sawa na yai dogo, mtu wa hivyo atakula vipi? Aliyenifundisha ni kuku, tena mnofu wa kifuani uliopashwa moto mara ya pili ukakauka. Ulikaa hapa katikati ya kifua, haushuki haupandi. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito yana povu, natema tu kwenye beseni, kifua kimebana, jasho linanitoka kichwani hadi mgongoni, watoto wananiangalia mlangoni wanaogopa kuingia. Ulikuja kurudi wenyewe na mimi nimeshalegea. Na msinywe maji ati mkisukume, yanakaa juu yake yanarudi na povu zaidi. Toka siku ile natumia kijiko cha chai, naweka tonge mdomoni, naweka kijiko mezani, mkono unabaki mtupu, natafuna mpaka inakuwa laini kabisa ndo nameza. Dakika 20 mpaka 30 mlo umeisha, nabeba sahani naondoka, maana ukikaa nayo unajikuta unadonoa tu. Na mwili unaongea kabla haujajaa, mimi pua inaanza kuchuruzika. Ukiona dalili yako acha hata kama limebaki tonge moja, maana hilo moja ndo linalotapisha.

Mkwezi
Mimi ni kwikwi. Nikipiga moja tu mke wangu anaondoa sahani hata sijasema kitu.

Mzee wa Kivulini
Samahanini wanangu, hivi si mtu angekula kidogo tu bila kukatwa?

Dada Mkubwa
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, hilo swali tumeulizwa na kila mtu mpaka na watu tuliokutana nao kwenye foleni. Nimefunga, nimepima chakula kwa mizani, nimepungua nikarudi nikazidi pale nilipoanzia, tena na tena toka niko msichana. Mwili ukipungua unaongeza njaa na unabana matumizi yake, unapigania kurudi ulikokuwa, siyo uvivu wa mtu. Hapa tunapeana uzoefu, asiye nao asome tu.

Mzee wa Kivulini
Marahaba binti. Sijauliza kwa ubaya. Mdogo wangu amepangiwa hiyo baipasi na atakuja kuuguzwa kwangu. Nina hofu naye.

Dada Mkubwa
Basi nisamehe baba nilivyopaza sauti. Kaa hapa hapa, maana atahitaji mtu wa kumwelewa mezani.

Fundi Taratibu
Mimi nakunywa maji huku nakula na sijawahi kutapika. Hii tunayoambiwa ya kusubiri nusu saa baada ya kula ndo unywe ni kutishana.

Tulia Tuli
@Fundi nani kasema shida ni kutapika tu? Maji yanakiteremsha chakula mapema, mfuko unabaki wazi, unatafuta kingine. Uzito unarudi hivyo hivyo kidogo kidogo.

Fundi Taratibu
Uzito wangu umeuona wapi wewe?

Bi Shangwe
Jamani msigombanie maji, wengine hata hayo ya siku nzima hatuyafikishi. Lita moja na nusu kwa funda funda ni kazi ya kutwa, mimi chupa haitoki mkononi na bado jioni naikuta na maji.

Nahodha
Watu wa slivu mnalia nini, nyie dampingi, ile sukari ikishuka utumboni haraka mwili unavurugika, hamuijui. Sisi wa baipasi ukila kitu kitamu umeitafuta mwenyewe.

Kijiko Kidogo
Nani kakwambia hatuijui? Kwenu ni zaidi kweli ila na sisi inatupata. Mimi ilinipata kwa glasi ya juisi ya matunda, tena niliambiwa ni afya. Haikupita hata nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linakata, nikajilaza sakafuni nangoja ipite.

Nahodha
Hiyo ni ya mapema. Kuna nyingine inakuja saa moja mpaka tatu baada ya kula, sukari ya mwili inashuka ghafla, unatetemeka akili haikai. Hiyo ndo ilinifanya niache kabisa wanga mtupu. Naanza na protini kwanza, yai au samaki au maharage, halafu mboga, wanga kama nafasi ipo na mara nyingi haipo.

Mkwezi
Mimi wali nakula na niko fresh tu.

Nahodha
Subiri.

Sauti ya Chini
Mimi siyo niliyefanyiwa, ni mke wangu, baipasi. Nilikuwa napita tu kusoma ila hiyo habari ya kutapika imenirudisha mbali nikaona niandike.

Supu ya kuchuja ilipita vizuri, maziwa yalipita. Tulipofika kwenye vyakula vya kupondwa akaanza kurudisha. Kila mtu akasema ni kawaida, tumbo jipya linazoea. Nikampeleka zahanati ya jirani wakampa dawa ya kichefuchefu tukarudi nyumbani. Akaendelea. Ikafika mahali hata maji hayakai. Na kilichokuwa kinauma, sasa hivi nikikumbuka, ni kwamba watu walikuwa wanakuja kumwona wanamsifia, umependeza, umekuwa msichana, na yeye anatabasamu kwa shida halafu wakitoka anainamia beseni.

Asubuhi moja nimekaa kitandani pembeni yake akaniuliza, mbona mmekaa wawili? Niko peke yangu. Nikajua anatania. Akainuka kwenda chooni akayumba kama mlevi, akashika ukuta. Macho yake yalikuwa yanachezacheza, hayatulii sehemu moja. Nikamuuliza leo siku gani, akanijibu, dakika haijapita akaniuliza mimi leo siku gani. Nikambeba nikampeleka kule kule alikofanyiwa upasuaji, njiani nazungumza naye nisimwache alale, naogopa akilala.

Daktari aliyetupokea alikuwa na swali moja, ametapika kwa muda gani? Nilipomjibu alikimbia kweli kweli, wakamwekea vitamini B1 kwenye mshipa, na akasisitiza kabisa kwa manesi iingie kabla ya dripu ya sukari, maana sukari ikitangulia hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Akaja kunieleza baadaye, akiba ya hiyo vitamini mwilini ni ya wiki chache tu, mtu akitapika mfululizo inaisha na ubongo ndo unaoumia. Wakampitisha kamera wakakuta pale palipoungwa mfuko na utumbo pamebana, tundu limebaki dogo sana, wakapapanua kwa kile kipira wanachojaza hewa.

Macho yalirudi haraka. Kutembea kulichukua muda. Mpaka leo akishuka ngazi anashika ukuta. Kwa hiyo naomba kwa aliye na mgonjwa nyumbani, kutapika kila siku siyo kuzoea. Rudini kwa waliompasua, msikae kungoja.

Bi Shangwe
Mungu wangu. Shem pole sana, mpe pole na mwenzio.

Mkwezi
Mbona hii hatujaambiwa?? Mimi niliambiwa vitamini ni za kukazia nywele tu.

Dada Mkubwa
Nywele nazo zinadondoka, nyingi kati ya mwezi wa 3 na wa 6 hivi, na huwa zinarudi. Ila vitamini ni za maisha, B12, chuma, kalsiamu, D. Mimi B12 nachoma sindano. Na chuma na kalsiamu usimeze pamoja, zinagombania njia, ziachanishe masaa mawili.

Kijiko Kidogo
@Sauti ya Chini nimesoma mara mbili. Anakulaje sasa hivi?

Sauti ya Chini
Vizuri, kidogo kidogo. Tulibadilisha sahani za nyumba nzima, sote tunatumia ndogo, asijione yeye ndo mgonjwa. Mimi mwenyewe suruali zimelegea. Kinachomsumbua ni wageni.

Mkwezi
Wageni waambie ukweli, nimekatwa, basi, yaishe.

Bi Shangwe
Usiwaambie chochote! Ukisema umekatwa mwaka mzima kila tonge lako linajadiliwa. Mimi chakula nakisambaza kwenye sahani, naongea sana, nawauliza watu maswali, nakatakata vipande, wakija kutoa vyombo hakuna aliyeona. Aliyepika nampongeza na nabeba kidogo nyumbani, anafurahi.

Tulia Tuli
Kwa wakwe mimi nilisema daktari kanizuia. Neno daktari linanyamazisha meza yote.

Nahodha
Hapo mnajifunika. Kinachonitisha mimi siyo chakula cha wageni, ni vile vinavyoteleza, biskuti, aiskrimu, krispi. Nyama inakujaza mapema, biskuti zinayeyuka unakula pakiti nzima na mfuko haujasema kitu. Mwaka wa kwanza unapungua hata usipojali, njaa ikianza kurudi ndo utajua ulijijengea tabia gani.

Fundi Taratibu
Hapo nakuunga mkono. Za maji bado nakataa.

Mzee wa Kivulini
Nimesoma yote mpaka huku chini. Sasa mdogo wangu akitoka hospitali nimpikie nini? Na magoti yanamuuma, kila siku anameza diklofenaki ya kutuliza maumivu.

Dada Mkubwa
Baba usimpikie kwa kukisia, atatoka na karatasi ya hatua zake, fuata hiyo hata akikulilia. Kwa kawaida wanaanza maji na supu iliyochujwa, halafu vinywaji vizito vya maziwa na protini, halafu vya kupondwa, halafu laini, vigumu ni baada ya wiki kadhaa. Weka bakuli ndogo ndogo kwenye friji usipike sufuria nzima, utamwonea huruma umwongezee. Akipata homa, au moyo ukienda mbio ametulia tu, au tumbo likiuma sana, usingoje kukuche.

Hiyo diklofenaki amwambie daktari wake leo, kabla ya siku ya upasuaji. Kwa baipasi hizo dawa zinaleta vidonda pale pale kwenye maungio, na ibuprofeni ni hivyo hivyo. Mimi maumivu ya mgongo natuliza na parasetamoli, tena kwa kipimo walichonipa wao.

Mzee wa Kivulini
Nampigia sasa hivi.