Naomba ushauri: memori kadi ya GB 128, A1 au A2?

Wakuu, natafuta memori kadi ya GB 128 ya simu ya Android, ya kurekodi video za 4K na kuwekea programu. Kwa video, V30 (daraja la kasi ya kurekodi video) inatosha: inahakikisha kuandika angalau MB 30 kwa sekunde. Ile "100MB/s" ya kwenye pakiti mara nyingi ni ya kusoma tu.

Kinachonitatiza ni A2. A1 na A2 ni madaraja ya kasi ya kuendesha programu: A2 inaahidi kusoma vipande vidogo vya data mara 4000 kwa sekunde, A1 mara 1500, ila simu isiyoimudu A2 haifaidi. Je, niongeze hela?

Halafu kadi feki, zenye ujazo wa uongo: H2testw (programu ya kompyuta inayojaza kadi kisha kuisoma upya) inazibaini, lakini kujaza GB 128 kwa MB 30 kwa sekunde ni zaidi ya saa nzima. Muuzaji gani atasubiri? Mnapimaje dukani?