Tupeane uzoefu: sanaa kwa watoto bila rangi wala karatasi za dukani

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa walimu na wazazi wenye watoto wengi na vifaa vichache. Leteni vipimo, hatua, na mahali kazi inapoharibikia. "Watoto wanafurahi sana" haitusaidii.

Mwalimu wa awali
Naanza na gundi. Unga wa ngano kikombe kimoja, ukoroge na maji baridi kikombe kimoja mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka. Ukiutia mkavu kwenye maji ya moto, unga wa nje unaiva na wa ndani unabaki mbichi. Mabonge hayo hayavunjiki tena. Koroga kwa moto mdogo dakika 3 hadi 5. Kijiko cha chumvi huichelewesha kuchacha, ila kwa joto la Pwani usiitegemee zaidi ya siku mbili.

Kwa vinyago, gazeti lichanwe kwa mkono, lisikatwe kwa mkasi: ukingo wenye nyuzi hulala vizuri, wa mkasi huacha mistari. Puto si lazima, finyanga gazeti kavu ulifunge uzi. Bandika tabaka mbili, anika, kisha mbili nyingine. Anayebandika sita kwa mpigo anapata kinyago kikavu nje, ukungu ndani.

Mpika rangi
Bizari ya manjano kijiko kimoja cha chai, maji vijiko viwili, na hiyo gundi ya mwalimu kijiko kimoja. Bila gundi, rangi ikikauka inapukutika. Gawa mara mbili, nusu moja utie magadi kidogo: njano inageuka nyekundu ya kutu. Tafadhali usiwatangulie kuwaambia, wape magadi na unyamaze. Choya (maua ya rozela) iliyochemshwa ni nyekundu. Magadi huipeleka kwenye buluu au kijani, ndimu huirudisha. Nyeusi ni mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, kila mtoto na chake. Kazi ya bizari isibandikwe dirishani, jua huipausha upesi.

Fundi waya
Vigari. Gurudumu likiyumba, mara nyingi tundu haliko katikati. Chora duara kwenye karatasi kwa kifuniko cha kopo, likate, likunje mara mbili. Mikunjo inapokatana ndipo katikati. Liweke juu ya gurudumu ulilokata kwenye soli ya kandambili kuukuu na utoboe kwa msumari. Ukiupasha msumari moto, ni kazi ya mtu mzima. Ncha zote za waya zikunjwe, jicho la mtoto halina spea.

Mdadisi
Samahani wakuu, hapa naona ufundi tu. Ubunifu uko wapi? Mtoto akifuata hatua zenu zote, ametengeneza kitu chenu.

Mwalimu wa awali
Swali zuri, mkuu. Hatua ni za gundi na rangi, haziamui mtoto atatengeneza nini. Ukichora nyumba ubaoni kama mfano, darasa la watoto 60 litakupa nyumba 60 zenye jua pembeni. Badala ya mfano toa sharti. Kundi la watoto watano lipewe visoda 10, kamba mita moja na boksi moja, liambiwe: tengenezeni kitu kinachosimama chenyewe na kina sehemu inayocheza. Wakikwama usishike kazi yao. Uliza, "Hiki kinaangukia upande gani?" Ukiuliza "Hiki ni nini?" mtoto anaona amekosea.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mraba vya hadibodi (ubao mwembamba wa kubanwa) na rangi ya kupakia baiskeli. Jaribuni sharti kama hilo: mraba wa boksi wa sentimita 30, rangi moja ya nyuma ikauke kwanza, kisha mnyama mmoja anayejaza mraba wote. Rangi yenyewe ya baiskeli tuwaachie wakubwa, harufu yake ni kali.

Mama wawili
Boksi likipakwa rangi linajikunja kama papa mkavu. Dawa?

Mpika rangi
Upande mmoja umelowa na mwingine haukulowa. Paka gundi nyepesi pande zote mbili kabla ya rangi, liache lifikie unyevu mdogo, kisha likandamize chini ya matofali usiku kucha. Weka mfuko wa nailoni juu na chini, la sivyo asubuhi utabandua boksi pamoja na tofali.