Naomba ushauri: kuwapoza popo wa Pemba siku za joto kali

Assalaam alaykum jamaa. Kaskazi inaingia, na hapa shehiani kuna kundi la popo wa Pemba, wale wakubwa wala matunda wasiopatikana kwengine duniani. Wanalala kwenye mivule mitatu. Miti ya pembeni imeshakatwa, jua la saa nane linawapiga moja kwa moja.

Dalili zinajulikana: kwanza hujipepea kwa mbawa, kisha hutweta mdomo wazi, halafu hujilamba ili mate yawapoze, mwisho hushuka na kurundikana shinani. Hapo ndipo wengi hufa, maana wa juu huwabana wa chini. Australia, jamaa zao huanza kufa joto la kivulini likipindukia nyuzi 42. Novemba 2018, upande wa Cairns, walikufa wapatao 23,000 wa aina moja tu. Pemba nyuzi 42 hatuzioni, lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi, mate hayakauki upesi, na yasipokauka hayapozi.

Sasa, bomba la mgongoni la lita 16 litafika juu, au tuvute mpira kutoka kwenye tangi? (Bomba lililowahi kutiwa dawa ya mimea halifai hata likioshwa.) Na tuanze kunyunyiza kwenye dalili ipi? Tukiwasogelea mapema wataruka juani, wazidi kuchemka. Kitoto kikianguka kinashikwa kwa glavu nene, hilo halina mjadala. Maji mnampa kwa bomba la sindano au kitambaa?